Mtachoka, Mbwa wa Mama Magesa

Wadogo zangu mliobaki kazini, mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Mmechelewa kidogo. Mengi nimeshayasahau, na yale ninayoyakumbuka vizuri ndiyo ambayo ningefurahi kuyasahau. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wenzangu, wanazo nyingi. Mimi nitawaeleza habari za josho, sindano, na mbwa mmoja wa Mugeta aliyenifundisha kazi nikiwa nimebakiza muda mfupi niiache.

Kwanza mjue kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kuwa bwana mifugo. Ndiyo, bwana mifugo. Watu wengi wa Mara waliniita hivyo mpaka mwisho, wachache tu wakisema Daktari, nikiwa nimevaa gauni, na hata mimba kubwa haikuwabadilisha. Mimi ni mtoto wa wavuvi wa kule mwambao. Kwetu ng'ombe tulimfahamu akiwa tayari ndani ya mchuzi, na hiyo ilikuwa Krismasi tu. Niliomba uuguzi, nafasi zikawa zimejaa, wakaniandika mifugo. Zaidi ya hayo naogopa mbwa. Nilikuwa nawaogopa siku naajiriwa na nawaogopa hadi leo, ingawa kwa miaka yote hiyo nilijitahidi wasijue.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Butiama. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye josho, lile birika la dawa ya kupe, nisimamie uogeshaji wa ng'ombe. Nilivaa buti mpya na koti jeupe lililopigwa pasi, nikasimama ukingoni nikiwa na daftari, uso umekunjwa kama mtu anayejua. Dume moja likanipita karibu, nikarudi nyuma kidogo kwa heshima zake, na nyuma hapakuwa na kitu. Niliogeshwa kabla ya ng'ombe wote. Wenye mifugo walinivuta kwa fimbo zao wakinipa pole, lakini wawili walilazimika kwenda nyuma ya kichaka kucheka.

Aliyenimwagia ndoo za maji safi ni Mzee Mashauri, mganga wa mifugo aliyekaribia kustaafu wakati ule, aliyekuwa amekabidhiwa mimi na pikipiki mbovu, akasema hajui kipi kitamsumbua zaidi. Alinitazama nikitetemeka, akasema, "Basi mwanangu, wewe kupe watakukosa mwaka huu wote."

Mzee huyo ndiye aliyenilea kazini. Alinionyesha namna ya kuchemsha sindano za chuma kwenye sufuria na kuzipanga juu ya kitambaa bila kuzigusa ncha. Alinifundisha kunusa jeraha kabla ya kuligusa. Alinikabidhi kipimajoto kilichofungwa uzi wenye kibanio, nami nikauona ule uzi ni ushamba, nikaukata. Ng'ombe wa kwanza niliyempima alikimeza kipimajoto chote, kwa upande ambao ng'ombe hamezi. Tulikaa pale na mwenye ng'ombe mpaka mchana tukisubiri, tukiongea habari za mvua. Kutoka siku hiyo sijawahi kukata uzi wa kitu chochote nisichojua kazi yake.

Tena alikuwa na neno moja alilolirudia sana: "Ukiingia kwenye mji wa mtu kutibu mnyama, usiondoke kabla hawajakamua." Mji, kwa nyinyi mliotoka mbali, ni boma la mtu, na nyumba zake na zizi lake. Nami nilimwona mzee anapenda tu maziwa ya bure. Nikawa namwitikia, halafu ikifika saa tisa nawasha pikipiki niwahi barabara ya lami.

Baadaye nikahamishiwa Bunda, nikapewa Mugeta na kata za jirani. Miaka yangu mingi iliishia huko. Niliwachanja ng'ombe, niliwazalisha, niliwakosea, nikawatibu tena. Sitayaeleza yote. Nitaeleza ya Mtachoka.

Mtachoka alikuwa mbwa wa Mama Magesa, mjane mmoja aliyekuwa na ng'ombe wachache na shamba la pamba. Jina hilo alipewa na marehemu mumewe. Kulikuwa na majirani waliokuwa wakisogeza mpaka wa shamba kidogo kidogo kila msimu, na mzee yule hakutaka ugomvi, kwa hiyo alinunua mbwa, akawa anasimama mpakani kila jioni anamwita kwa sauti. Alipokufa mumewe, mbwa akabaki na mama, na mpaka haukusogea tena.

Mama Magesa alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, Magesa, fundi wa kuchomelea mageti huko Musoma. Alikuwa amejenga huko huko mjini, mtaa wa Bweri, nyumba nzuri ya tofali, na chumba kimoja alikijenga kwa ajili ya mama yake. Msiba ulipokwisha alimwomba ahamie huko. Mama akajibu mbele ya ukoo wote, na neno lake likapokelewa: "Mimi kinachonilaza si mlango. Nalala kwa sababu huyu mbwa anabwekaga. Akibweka nipo hapa. Akishindwa, njoo unichukue."

Kwa hiyo nilipoitwa kumtazama Mtachoka, sikuitwa kwa ajili ya mbwa peke yake. Pale pori haliko mbali, na fisi wanajua njia. Mama mzee peke yake na ndama zizini, bila mbwa, haiwezekani, na yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mbwa akifa, mji unafungwa.

Nilimkuta amelala kivulini, mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, meno yamelika, damu inamtoka tundu moja la pua tone kwa tone. Mwili una joto, fizi zimepauka, tezi za chini ya taya zimevimba. Mama alimshika kichwa huku mimi nikimpima kwa mkono ulionyooka kadiri mkono unavyoweza kunyooka.

"Unamuogopaga?" akaniuliza.

"Hapana, Mama. Natunza umbali wa kitaalamu."

Sasa mnajua sisi wa vijijini tuna sindano moja ya magonjwa yote, oksitetrasaiklini, tunayoiita OTC. Ng'ombe akikohoa, OTC. Mbuzi akichechemea, OTC. Nikamchoma OTC. Baada ya siku chache Mama akanipigia kuniambia mbwa amesimama, amekula, amemfukuza kuku. Nikatembea Bunda nzima nimeinua kidevu. Niliwaeleza hata watu ambao hawakuuliza.

Mwezi haukuisha damu ikarudi. Nikachoma tena, akapona tena, ikarudi tena. Ikawa ndiyo mtindo. Kila nikija nakuja na maelezo mapya. Mara ya kwanza nilisema minyoo, nikampa dawa ya minyoo. Halafu nikasema atakuwa ameng'atwa na nyoka, nikatafuta alama mpaka mbwa akanichoka. Halafu nikasema ni sumu ya panya. Shemeji yake Mama Magesa alisema ni mkono wa mtu, nami nikamcheka, ingawa nikiwa mkweli maelezo yake na yangu yalikuwa na ushahidi unaolingana.

Mwishowe nikafanya jambo nililopaswa kulifanya mwanzo. Nilitoa damu, nikaipaka kwenye kioo, nikaipeleka maabara Musoma. Jibu likaja kwamba dalili zote ni za ugonjwa wa kupe, tena umekuwa sugu, umejificha mwilini. Sindano yangu ilikuwa inaulaza tu, haiuui. Alihitaji vidonge vya tetrasaiklini, vile vya rangi mbili vyenye unga ndani, kila siku asubuhi na jioni kwa zaidi ya mwezi bila kuruka.

Vidonge alivileta Magesa mwenyewe kutoka Musoma. Nikamwelekeza Mama: asubuhi na jioni, changanya na chakula, usisahau. Halafu nikaipulizia nyumba nzima dawa ya kupe, zizi, kibanda cha kuku na kitanda cha Mama. Kuku walisusa kutaga mpaka msimu ukabadilika, na Mama alinikumbusha hilo kila nilipokanyaga pale.

Dozi ikaisha. Nilipokwenda kumwona, Mtachoka alikuwa amenenepa anang'aa. Nilimpiga picha nikaituma kwenye kundi letu la simu, mtaikumbuka baadhi yenu, na maneno chini yake ambayo leo sitayarudia. Wiki mbili baadaye damu ikaanza.

Tukarudia dozi. Magesa akaleta tena vidonge. Mbwa akazidi kunenepa na ugonjwa ukazidi kukaa. Sauti ikawa imemkauka, akibweka unasikia kama mtu anayesafisha koo. Nikaishiwa maneno, na mtaalamu akiishiwa maneno humgeukia mwenye mnyama.

"Mama, una hakika hukuruka hata siku moja?"

Akanigeukia. "Daktari, mimi nasahauga jina lako. Dawa ya huyu sijawahi kusahau."

Msimu ule, pamba ikiwa inavunwa, fisi aliingia zizini akachukua ndama. Mtachoka alisikia, akasimama, akajaribu. Mama aliniambia alimwona amefungua mdomo na sauti haikutoka. Aliposimulia hilo alilia, na mimi nikalia, tukiwa tumesimama kando ya zizi lililobomoka. Magesa alipata habari akasema pamba ikishauzwa atakuja na gari. Mama hakubisha. Alikuwa ameahidi mbele ya watu. Nilipokwenda tena nilikuta ameanza kukunja mablanketi na kuyaweka kwenye sanduku.

Nilikwenda siku hiyo kuaga, niseme ukweli. Sikuwa na dawa nyingine mfukoni. Nilifika mchana, nikamtazama mbwa, nikasema maneno ya huruma yasiyosaidia, nikageuka nichukue pikipiki. Mvua ikashuka. Mvua ya Mugeta ikiamua, mto unajaa na barabara inakuwa ya bata. Nikakaa. Ikafika saa kumi, ikafika saa kumi na moja. Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu yote ya kwenda kwenye mji ule, nikawakuta wanakamua.

Mama alikamua mwenyewe, akaja jikoni na kibuyu cha maziwa ya moto moto, yenye povu. Akanimiminia kikombe kikubwa. Nikashukuru, nikanywa. Halafu akachukua bakuli la bati, safi kuliko sahani zangu za nyumbani, akamimina maziwa mpaka karibu na ukingo. Akatoa kidonge cha rangi mbili, kimoja cha vile vya mwisho vya dozi ya pili, akakifungua taratibu, akamwaga unga wake ndani ya maziwa, akakoroga kwa kijiko. Akamwekea Mtachoka.

"Kila siku hivi, Mama?" nikauliza.

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Hajawahi kubakiza hata tone."

"Hongera sana," nikamwambia, na nilimaanisha. "Laiti wote wangetoa dawa kwa usafi huu." Nikainua kikombe changu ninywe tena, na maziwa yakaniingia puani.

Jambo hili tunafundishwa chuoni, mwaka wa kwanza. Hata mimi mtoto wa samaki nililifundishwa, nikaliandika kwenye mtihani nikapata. Tetrasaiklini na maziwa haviivi chungu kimoja. Maziwa yanaikamata dawa tumboni, inapita inatoka, mwilini haiingii. Mbwa alikuwa amekaribia kumaliza dozi ya pili na dawa iliyofika kwenye damu pengine isingemtibu hata mmoja wa wale kuku. Alichokuwa anapata ni maziwa, mengi, mazuri, asubuhi na jioni, na ndiyo maana alinenepa, na ndiyo picha niliyoituma kwenye kundi.

Nami nilikuwa nimesema "changanya na chakula". Kwetu mwambao chakula ni ugali na samaki. Haikunijia kwamba kwenye mji wa wafugaji mgonjwa hapewi ugali. Mgonjwa anapewa maziwa, na mgonjwa anayependwa anapewa maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa kwanza.

Nilimweleza Mama. Nilitafuta namna ya kulisema taratibu, nikakosa, nikalisema tu. Alikaa chini kwenye kigoda, mikono juu ya magoti.

"Unaniambia namuua kwa maziwa?"

"Humuui, Mama. Maziwa hayana ubaya. Ila yanaizuia dawa."

"Baba Magesa alikunywaga maziwa haya mpaka siku yake ya mwisho. Mgonjwa wa mji huu hapewagi kitu kikavu. Nitampaje mzee mwenzangu ugali mkavu, aone nimemchoka?"

Nikaweka kikombe chini. Akainua macho.

"Na wewe Daktari, siku zote hizo jioni ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nawahi lami. Nilimwambia hivyo hivyo. Akatikisa kichwa, halafu ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nilivyoona anacheka nikapata nguvu ya kuomba jambo moja: tujaribu mara ya tatu.

Tulibishana mpaka tukapatana. Dawa asubuhi na jioni, ndani ya tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa nyama, maana kikavu alikataa katakata. Maziwa yakawa ya mchana, katikati, mbali na dawa. Mama alihofia Mtachoka atasusa. Nilimwambia sijawahi kuona mbwa anayesusa mchuzi wa nyama, na kwa mara moja nilikuwa sahihi.

Nilimpigia Magesa alete vidonge vingine. Nilimweleza na sababu. Akasema, "Sawa, Daktari. Kesho nitakuwa navyo Bunda." Na kesho yake alikuwa navyo.

Safari hii niliondoka pale kila mara baada ya kukamua. Damu ikapungua, ikakoma. Fizi zikawa nyekundu. Mbwa akakonda kidogo, ambalo ndilo jambo nililopaswa kulitamani toka mwanzo. Sauti ndiyo iliyokawia. Pamba ikauzwa, na Magesa akapanga siku.

Nilikuwepo. Nilikwenda kwa kisingizio cha kuchanja, lakini nilikwenda kuona. Gari dogo la mizigo likaja mchana likasimama nje ya mji. Magesa akafungua mlango, akatoa mguu mmoja. Mtachoka akanyanyuka toka kivulini.

Alibweka. Alibweka kwa sauti ya zamani, ile ya kutoka kifuani, akaenda mbio mpaka kwenye gari, na Magesa akaurudisha mguu ndani akafunga mlango. Alikaa humo, mwanamume mzima, amepandisha kioo, anampigia simu mama yake aliyekuwa hatua chache mbele yake.

"Mama, mzuie mbwa!"

Mama Magesa hakupokea simu. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili mdomoni, machozi yanamtiririka. Mimi nilikuwa nimepanda juu ya pipa la maji. Sijui nilifikaje huko.

Mablanketi yalitolewa kwenye sanduku siku hiyo hiyo. Magesa hakusema neno baya. Alikula, akacheka na mama yake, akatengeneza zizi pale lilipobomoka. Jioni, baada ya kukamua, nikagundua pikipiki yangu imepata pancha, akaniambia tuipakie nyuma, nafasi ipo.

Tuliendesha mpaka tukavuka mto. Kisha akasema, "Chumba nimekipaka rangi ya kijani. Ndiyo anaipendaga."

Wadogo zangu, katika kazi hii mnyama akipona watu wanakushukuru. Sikuwahi kukaa karibu na mtu aliyepoteza kwa sababu mnyama amepona. Niliona aibu, na nilimhurumia kweli. Nikamuuliza alikuwa analeta dawa kwa nini, mara zote tatu, hali anajua mbwa akipona yeye ndiye anayekosa.

"Ningefanyaje, Daktari? Ningechelewesha ile dawa hata siku moja, ningempeleka Bweri mtu mwingine. Angekaa kwangu kama mgeni, ananiangalia." Akabadilisha gia. "Huyu mbwa ataishi muda gani?"

"Ni mzee. Akikingwa na kupe, pengine miaka miwili."

"Anakingwaje?"

"Kuna dawa ya kumwogesha."

"Nitaileta."

Magesa alikuwa mtu wa kuja nyumbani Krismasi na misibani. Nikamwambia dawa hiyo haifai kukaa, lazima iletwe mpya kila mwezi, na amwogeshe kwa mikono yake mwenyewe kwa sababu macho ya Mama hayaoni kupe wadogo. Niliyasema hayo kwa sauti ya mtaalamu, nikitazama mbele. Chupa moja ingetosha mwaka mzima. Nyinyi mliobaki Bunda, mkikutana naye msimwambie.

Akawa anakuja kila mwezi. Mwanzo alikuwa anakuja na kurudi siku ile ile, baadaye akaanza kulala. Mtachoka alikufa kwa uzee, jua la asubuhi likimpiga, na hakuna aliyemlaumu. Niliposikia, nilijua ahadi ni ahadi, nikaenda Mugeta kumsaidia Mama kufunga mizigo. Magesa nilimkuta ameshafika. Hakuja na gari. Alikuja kwa pikipiki, na ndani ya koti lake, kichwa nje, palikuwa na mtoto wa mbwa.